Hivi Uingereza kuna mtaa unaitwa "Nchi ya Tangawizi ya Kijani", nani anajua ilikuwaje?

KahawaTungu #1

Wakuu kwema? Shemeji yangu yuko kaskazini mwa Uingereza anasoma, mji unaitwa Hull, jana usiku kanitumia picha ya kibao cha mtaa kimebandikwa ukutani kimeandikwa LAND OF GREEN GINGER. Nikamwambia acha utani hiyo ni baa. Akasema si baa, ni mtaa, upo kwenye ramani, na posta wanapeleka barua. Nchi ya Tangawizi ya Kijani!

Sasa mimi mke wangu anauza chai ya tangawizi stendi, kwetu tangawizi ndio ada ya shule, nikamuonyesha ile picha akacheka mpaka akamwaga maziwa, alafu akauliza hiyo ya kijani ndio ipi, imeoza au?

Nimekesha na hilo swali. Dai langu ni hili, mnipinge kwa hoja sio kwa matusi: Wazungu walikuwa wanachota viungo Zanzibar, meli ikaenda kushusha tangawizi Hull, mtaa ukapata jina. Wenye data karibuni.

Dogo Njaa Kali #2

Nimeshakaa siti ya mbele na karanga zangu. Waje wanaojua.

Mwl Pensheni #3

Salaam. Nianze na tafsiri maana hapo ndipo gari limepinduka. Hiyo "green" sio rangi. Kwa Kiingereza hilo neno linafanya kazi ileile ya neno letu MBICHI. Kuni ambazo hazijakauka Waingereza wanaziita kuni za "green", na sisi tunasema kuni mbichi, sasa nani kati yenu amewahi kuona kuni mbichi akategemea ziwe na rangi ya majani? Tangawizi ambayo haijaanikwa ikakauka nayo wanaiita hivyohivyo. Kwahiyo ni Nchi ya Tangawizi Mbichi. Mwambie mama watoto haijaoza.

KahawaTungu #4

Ticha nimekubali. Kichwa cha uzi siwezi kukibadilisha tena, wacha kibaki niaibike.

Mkulima wa Same #5

Mwalimu yuko sahihi ila ngoja niongezee maana hili ndio zao langu, niko milimani Same huku. Tangawizi ukiichimba changa, miezi mitano sita hivi, ngozi yake ni laini unaimenya kwa kucha ya dole gumba, ncha zina wekundu wa mbali kama kitunguu, ukiivunja inalia "tap" haina nyuzi. Hiyo ndio inafaa kwa achari na kwa kuchemshwa na sukari. Ukiiacha mpaka majani yakauke inakuwa kali, ina nyuzi kama katani, hiyo ndio ya kuanika na kusaga. Ni mmea mmoja ila kwa mnunuzi ni bidhaa mbili na bei mbili.

Sasa kitu kinachonisumbua ni kimoja, tangawizi inataka joto na mvua. Baridi ya Uingereza haiwezi kutoa tangawizi shambani hata uisomee dua. Kwahiyo anayekuja na hadithi kwamba huo mtaa lilikuwa shamba, asije.

Msafiri_Humber #6

Mtoa mada mimi naishi hukuhuku Hull mwaka wa tisa, nafanya kazi ghalani karibu na bandari, huo mtaa napita kila nikienda mjini. Upo kweli. Uko mji wa zamani, mwisho wa barabara ya maduka inaitwa Whitefriargate.

Ila dai lako la Zanzibar lina shida ya miaka. Zamani kipande kile kilikuwa sehemu ya Old Beverley Street, na wapekuzi wa makaratasi ya zamani wanakadiria jina la tangawizi liliingia kati ya 1640 na 1735. Mwingereza ameifanya Zanzibar kuwa chini ya ulinzi wake 1890. Hata karafuu zenyewe zimeanza kupandwa Unguja karne ya 19. Meli yako imechelewa sana mkuu.

Dogo Njaa Kali #7

Post namba 6 imefunga uzi. Karanga zangu hazijafika hata nusu.

Bi Sauda #8

Haujafungwa bado. Mie Mzanzibari, hebu tusikimbizane kwenye vya kwetu. Tangawizi kwa Kiarabu ni zanjabil, na imo ndani ya Qur'an, Surat al-Insan aya ya 17, watu wa peponi wananyweshwa kinywaji kilichochanganywa nayo. Kwahiyo kiungo hichi kilikuwa kinajulikana na kinasafiri baharini kabla huyo Mwingereza hajajua kupika maji. Na Kiingereza "ginger" na zanjabil vimetoka chungu kimoja, vyote vinarudi kwenye lugha za Bara Hindi kule.

Na mtaa kuitwa chakula si ajabu. Sisi Mji Mkongwe tuna Sokomuhogo, nenda leo kautafute huo muhogo uone kama utaupata.

Kijana wa Kizingo #9

Bi Sauda shikamoo. Mimi niko Mombasa, kuna mzee alitufundisha madrasa kwamba hata hilo jina Zanzibar limetoka kwa zanjabil. Kwahiyo Zanzibar ndio Nchi ya Tangawizi yenyewe, mtoa mada asikate tamaa!

Mwl Pensheni #10

Hapana bwana mdogo. Hiyo nimeisikia miaka mingi na ni tamu lakini wasomi wengi wanakwenda na Zanj, jina ambalo Waarabu na Waajemi waliwaitia watu wa pwani hii, na "bar" ni pwani. Tangawizi imedandia kwa sababu ya kufanana sauti tu. Shika hilo neno, KUFANANA SAUTI, maana naona na huko Hull mchezo utakuwa huohuo.

Bi Sauda #11

Marahaba Kijana. Mwalimu kakusahihisha lakini mzee wako wa madrasa msamehe, wengi tumelishwa hiyo.

Msafiri_Humber #12

Mwalimu umegusa penyewe. Maelezo ya hapa mjini yako kama manne matano na karibu yote ni ya kufanana sauti. Nitataja ninayoyajua.

Moja, Waholanzi. Kulikuwa na familia ya Kiholanzi hapa Hull inaitwa Lindegreen. Mtoto wake, yani Lindegreen mdogo, kwa Kiholanzi ni "Lindegroen jonger". Sasa litamke haraka kama mbeba mizigo wa bandarini ambaye hajui Kiholanzi, Lindegroen jonger, Lindegrinjonga, Land of Green Ginger. Kuna bwana anaitwa Charles Frost aliwahi kulitetea hilo la Waholanzi kwenye hotuba yake karne ya 19.

Mbili, wanasema ni "Landgrave Granger". Landgrave ni cheo cha kikabaila cha Ujerumani, kwahiyo ingekuwa njia ya kwenda kwa huyo mkubwa.

Tatu, kuna fundi boti anatajwa, Moses Greenhinger.

Nne ndio ya kawaida kuliko zote, kwamba palikuwa panauzwa au kuhifadhiwa tangawizi. Na hii ndio naona wengi wanaipa kura.

Chumvi ya Mawe #13

Ya Waholanzi nimeipenda, imekaa kitaalam. Naipa asilimia 100.

Fundi Selemala #14

Asilimia 100 wakati hujakagua tarehe? Nimetoka kupekua hapa, hao Lindegreen wanaotajwa walikuwa Hull mwanzoni mwa karne ya 19. Msafiri kasema #6 kwamba jina lilishakuwepo kabla ya 1735. Mtaa umepewa jina la mtu ambaye hata babu yake hajaoa?

Chumvi ya Mawe #15

Labda walikuwepo Lindegreen wengine wa mwanzo. Waholanzi Hull wamejaa miaka yote, ni ng'ambo tu ya bahari ile.

Fundi Selemala #16

Labda sio ushahidi. Ukiwa na labda hata mimi ni mjukuu wa Landgrave.

Dogo Njaa Kali #17

😂😂 Landgrave wa Mbagala

Kijana wa Kizingo #18

Mi nauliza, kama ni Whitefriargate si kuna geti hapo? Pengine tangawizi ilikuwa inalipiwa ushuru getini.

Msafiri_Humber #19

Hapana, hilo linawachanganya wageni wote, mimi mwenyewe nililitafuta geti wiki nzima. "Gate" kwenye majina ya mitaa ya kaskazini huku ni neno la Waviking, wale mabaharia wa kale toka Skandinavia, gata, maana yake njia au mtaa. Waviking walitawala sana upande huu. Kwahiyo Whitefriargate ni mtaa wa mafrateri weupe, watawa wa Karmeli waliokuwa wanavaa majoho meupe. Na wenyeji hawalitamki lote, wanasema kitu kama "Waitfragate", ukilitamka kama lilivyoandikwa wanajua umekuja jana.

Alafu ili wakuchoshe zaidi, mwisho mwingine wa mtaa huohuo kulikuwa na Beverley Gate, na ile NI geti kweli la ukuta wa mji, pale ndipo 1642 gavana Hotham alimfungia mlango mfalme Charles wa Kwanza asiingie. Mfalme nje, anaambiwa leo hapana. Miezi michache baadae vita ya wenyewe kwa wenyewe ikawaka nchi nzima.

KahawaTungu #20

Subiri, mfalme alifungiwa nje na gavana wake mwenyewe?? Hii nayo inataka uzi wake.

Ndege Mjanja #21

Kwa majina ya ajabu mji wa York, hukohuko kaskazini, umewazidi. Pale kuna kimtaa kifupi kuliko yote mjini kinaitwa Whip-Ma-Whop-Ma-Gate, jina refu kuliko mtaa. Mwaka 1505 kiliandikwa Whitnourwhatnourgate. Wengine wanasema ni kwa sababu ya kuchapa viboko wahalifu, wengine wanasema ni mbwa waliokuwa wanachapwa sikukuu ya Mtakatifu Luka, na kibao cha pale kinasema maana yake ni kama mtu anashangaa "mtaa gani huu!" Nyumba moja ina namba 1½. Sijatania, moja na nusu.

Mkulima wa Same #22

Moja na nusu ni kilo zangu za tangawizi dalali akishapima kwa mzani wake.

Chumvi ya Mawe #23

Turudi Hull. Fundi unakataa jina la mtu kuzaa jina la mtaa la kuchekesha? Hapohapo Hull kuna Rotten Herring Staithe, yani gati ya samaki aliyeoza. Kila mtu anadhani ni harufu. Kumbe kulikuwa na mfanyabiashara karne ya 14 anaitwa John Rotenhering. Jina la ukoo kabisa! Kama Rotenhering amegeuka samaki aliyeoza, Greenhinger anashindwaje kugeuka tangawizi mbichi?

Fundi Selemala #24

Hiyo ni hoja, naivulia kofia. Ila inathibitisha kwamba INAWEZEKANA, haithibitishi kwamba ilitokea. Huyo Rotenhering ni mfanyabiashara anayejulikana kabisa. Greenhinger mnamleta kwa sababu jina lake linafaa.

Mwl Pensheni #25

Na mkumbuke sisi tunao mfano ambao hauna ubishi. Kariakoo. Vita ya kwanza ya dunia Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, Waafrika waliobebeshwa mizigo na wengi mno wakafia njiani. Kambi yao Dar ikawa Kariakoo, ya Nairobi ikawa Kariokor. Mimi nimefundisha watoto waliozaliwa Kariakoo ambao walikuwa wanaapa kwamba ni jina la Kizaramo. Imechukua miaka hamsini tu watu kusahau. Sasa nipe mtaa ambao umekaa miaka mia tatu.

Bi Sauda #26

Mwalimu hapo umenigusa. Babu yake mume wangu alichukuliwa na hao, hakurudi. Jina la kikosi limebaki kwenye soko watu wananunua nguo.

Dogo Njaa Kali #27

Pole Bi Sauda. Sikulijua hili la Kariakoo, nimefanya kazi pale miaka minne nasukuma mkokoteni. Yani na mimi nilikuwa mpagazi palepale.

Mkulima wa Same #28

Mimi nataka kuitetea tangawizi maana naona mnaikimbilia Ulaya na majina ya Kiholanzi. Kama jina liliingia kati ya 1640 na 1735, angalieni nini kilikuwa kinatokea baharini. Jamaica Wahispania walishapanda tangawizi toka karne ya 16, na 1655 Waingereza wakaichukua Jamaica. Na kabla ya hapo tangawizi changa ilikuwa inasafirishwa kutoka Mashariki imelowekwa kwenye sharubati ya sukari ndani ya mitungi, ili isikauke na isiote njiani. Mtungi mmoja ni pesa. Mtu akiwa na stoo ya mitungi ile mjini kwenu, mtaitaje pale? Mtasema pale kwa tangawizi mbichi. Basi. Hakuna Landgrave wala nini.

Fundi Selemala #29

Sawa mkulima, lakini hiyo "land" ni ya nini? Kwa nini isiwe "lane", uchochoro, kama jirani yake Bowlalley Lane? Stoo haiitwi nchi.

Mwl Pensheni #30

Nchi ni tafsiri ya mtoa mada. Land ni ardhi, na mjini ardhi maana yake ni kiwanja. Ukisema kiwanja cha fulani hakuna anayeshangaa. Kwahiyo inawezekana kabisa tumekaa siku mbili tunashangilia Nchi ya Tangawizi kumbe ni Kiwanja cha Tangawizi Mbichi, kama vile kiwanja cha mkaa.

KahawaTungu #31

Mwalimu unaniharibia uzi kidogokidogo. Kwanza kijani, sasa na nchi nayo umeichukua. Umebakisha tangawizi tu.

Chumvi ya Mawe #32

Na tangawizi yenyewe tukimpa Lindegreen haibaki 😂

Msafiri_Humber #33

Leo nimetoka shifti saa nane mchana nikaamua nipite makusudi kwa ajili yenu. Nimetembea taratibu mwanzo mpaka mwisho, ni mfupi, dakika moja na kidogo umemaliza. Ni mwembamba, matofali pande zote mbili, umekunja kidogo kwahiyo ukisimama mwanzo huoni mwisho vizuri. Mvua ya manyunyu kama kawaida. Tangawizi hakuna hata harufu.

Kitu cha kuona ni hoteli ya zamani inaitwa The George, sikuhizi ni kilabu cha pombe. Pembeni ya mlango wa uchochoro wake kuna dirisha wanajitapa ni dogo kuliko yote Uingereza. Mimi nilipita miaka nikidhani ni ufa. Ni mwanya wa wima, upana hata kiganja changu sikuweza kukipitisha, una kioo. Wanasema bawabu alikuwa anakaa nyuma yake kuchungulia magari ya farasi yakifika usiku ili akimbilie kufungua.

Nikaingia nikanunua soda. Kuna mzee kakaa kaunta nikamuuliza, mzee hili jina la mtaa lilitokana na nini? Akaniangalia, akaniuliza mimi natoka wapi, nikamwambia Tanga. Akasema "nyie ndio mnaolima, unaniuliza mimi?" Baadae akalainika akasema yeye alivyokuwa mtoto aliambiwa watawa walikuwa na bustani ya tangawizi hapo.

Mkulima wa Same #34

NILISEMA POST NAMBA 5 ASIJE NA SHAMBA. Akaja.

Fundi Selemala #35

Alafu watawa wenyewe mfalme Henry wa Nane aliwafungia nyumba zao zote miaka ya 1530, na jina linatokea zaidi ya miaka mia baadae kwa hesabu ya #6. Bustani ilikuwa inamngoja nani?

Bi Sauda #36

Nyie mnamshambulia mzee wa watu hayupo kujitetea. Watawa walikuwa na bustani za dawa, hilo linajulikana. Na tangawizi ni dawa. Mie hapa nilipo nina mafua naikoroga na asali na ndimu. Pengine waliiweka tu hawakuilima.

Kijana wa Kizingo #37

Bi Sauda kaokoa watawa. Kura yangu naihamishia kwao.

Ndege Mjanja #38

Kura? Wacha nihesabu basi. Stoo ya tangawizi: mkulima na Msafiri nusunusu. Lindegreen na Greenhinger: Chumvi kwa zote mbili, hajui anachotaka. Watawa: Bi Sauda na Kizingo. Landgrave: hana mtu.

Dogo Njaa Kali #39

Landgrave nipeni mimi. Namuonea huruma.

Fundi Selemala #40

Mimi sijampigia mtu. Nasubiri karatasi moja tu ya zamani yenye jina hilo na sababu yake.

KahawaTungu #41

Shemeji kaniambia vijana wenzake darasani wakitoka huko wanampiga picha chini ya kibao kila mgeni. Nimemwagiza aulize maktaba kama kuna ramani ya Old Beverley Street. Msafiri na wewe ukipata off pita tena, muulize yule mzee nani alimwambia.

Msafiri_Humber #42

Jumamosi nitapita. Ila nitabeba tangawizi moja mfukoni nimpe, naona alitegemea.

Mkulima wa Same #43

Mpelekee changa. Usimpe hiyo ya supamaketi yenye ngozi kama ya kenge.

Mtemi wa Usiku #44

Wakuu nimesoma post ya kwanza tu nina haraka. Hii ni rahisi, itakuwa ni viungo vya Zanzibar vilipelekwa na meli huko.

Fundi Selemala #45

Namba 6 mkuu. Rudi namba 6.

Mtemi wa Usiku #46

Nimerudi. Kwahiyo hiyo tangawizi ya kijani mwishowe ilikuwa imeoza au vipi?